Jinai, Kosa na Omusango: Uhakiki wa Maana na Mipaka ya Sheria ya Jinai katika Lugha za Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maana ya sheria ya jinai inavyojengwa, na wakati mwingine inavyopotoshwa, na maneno yanayotumika kuieleza katika vituo vya polisi na mahakama za Kampala. Hoja kuu ni kwamba mipaka ya jinai, yaani matendo ambayo dola inaruhusiwa kuyaadhibu, haiwezi kutenganishwa na lugha ambamo mipaka hiyo hutangazwa. Mahakama za Uganda zimefuta vifungu kadhaa kwa sababu maneno yake hayakuwa na kikomo. Hata hivyo, utata ulioondolewa katika Kiingereza unaweza kurudi kupitia Kiswahili na Kiluganda kinachotumika kumsomea mshtakiwa shtaka lake. Makala yanachambua istilahi chache zenye uzito, yanajibu hoja mbili za upinzani na kutoa mapendekezo matatu ya kisera.

1. Utangulizi

Vitabu vingi vya utangulizi wa sheria humpa msomaji fasili moja: sheria ya jinai ni tawi la sheria linaloainisha makosa na kuyawekea adhabu. Fasili hii si ya uongo, lakini haisaidii sana. Inazunguka, kwa kuwa kosa linaelezwa kuwa ni lile linaloadhibiwa, na adhabu inaelezwa kuwa ni ile inayotolewa kwa kosa. Haimwambii msomaji kwa nini mchuuzi anayepanga nyanya kando ya barabara bila leseni afikishwe mbele ya hakimu kama mhalifu katika Mahakama ya City Hall, ilhali mfanyabiashara asiyelipa deni la mamilioni ya shilingi huitwa mahakamani kwa shauri la madai tu. Wote wawili wamevunja sheria, lakini mmoja peke yake ndiye anayeshtakiwa kama mhalifu.

Katiba ya Uganda ya 1995 inatoa jibu lililo bora zaidi. Kwa mujibu wa Ibara ya 28(12), ukiacha kosa la kuidharau mahakama, hakuna mtu atakayetiwa hatiani kwa jinai isipokuwa kosa hilo limefasiliwa na adhabu yake imewekwa na sheria. Hapa jinai haielezwi kwa kuwepo kwa adhabu peke yake. Inaelezwa pia kwa wajibu wa dola kusema, kabla ya tendo, ni tendo gani hasa linalokatazwa. Fasili ndiyo ukuta unaozuia dola kumwadhibu mtu kwa sababu tu hapendezi machoni pa askari.

Lakini Ibara hiyo inazaa swali ambalo halijajibiwa vya kutosha: limefasiliwa katika lugha gani, na kwa ajili ya nani? Kanuni ya Adhabu imeandikwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa wa kawaida wa Kampala hukamatwa kwa Kiluganda au Kiswahili, huhojiwa kwa mchanganyiko wa lugha, kisha husomewa shtaka kupitia karani wa mahakama anayetafsiri papo kwa papo. Mtu huyo haruhusiwi kujitetea kwa kusema hakuijua sheria, kwani kifungu cha 6 cha Kanuni hiyo kinalikataa dai hilo. Sheria inayomnyima mtu kisingizio cha kutojua inapaswa nayo kujulikana.

2. Sheria iliyosafiri na lugha iliyokataliwa

Kanuni ya Adhabu inayotumika Uganda haikuzaliwa Kampala. Kabla ya 1930, Afrika Mashariki ya Waingereza ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India. Mwaka huo Wizara ya Makoloni ikaleta kanuni mpya, ambayo ukoo wake unarudi hadi Queensland, Australia, mwaka 1899, kupitia Nigeria. Kenya, Uganda na Tanganyika zikapata sheria zinazofanana karibu neno kwa neno. Toleo la Uganda lililojulikana kwa muda mrefu kama Sura ya 120 lilianza kutumika Juni 1950. Toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2024 limebadilisha namba za vifungu. Makala haya yanafuata namba za Sura ya 120 kwa kuwa ndizo zilizotumika katika hukumu zinazojadiliwa.

Kufanana huko kuna faida kwa mtafiti wa lugha. Kifungu kimoja kinaweza kufuatwa katika nchi tatu na kuonekana kilivyofasiriwa. Mfano mzuri ni kashfa kama kosa la jinai. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika shauri la Buwembo, iliamua kwamba kosa hilo linapatana na Katiba. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya, katika shauri la Jacqueline Okuta, iliamua kinyume na kuliacha suala la kashfa mikononi mwa sheria ya madai. Mpaka kati ya jinai na madai, basi, haukuchorwa na maumbile. Ni uamuzi wa jamii, nao unaweza kupita upande mmoja Nairobi na upande mwingine Kampala.

Kiswahili nacho kina historia yake katika jambo hili, na si historia ya kujivunia. Tangu siku za King's African Rifles, Waganda wengi wamekisikia kama lugha ya kambi na ya amri. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katika miaka ya 1980, misako ya jeshi ambamo vijana wa Kampala walizolewa kwa wingi ilibaki katika kumbukumbu za watu kwa jina la Kiswahili: panda gari. Wakati Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 na Ibara ya 6(2) kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira yatakayoainishwa na Bunge kwa sheria, lugha hiyo iliingia mahakamani ikiwa imebeba mzigo huo. Mpango wa kisera unaoupuuza mzigo huu hautafanikiwa. Lugha iliyosikika kama sauti ya mkamataji inahitaji kuonyesha kwamba inaweza pia kuwa sauti ya haki ya mkamatwa.

3. Maneno matatu na mipaka yake

Kiswahili kina neno mahususi kwa tawi hili la sheria, nalo ni jinai. Asili yake ni Kiarabu, ambamo katika fikihi lilihusu hasa madhara dhidi ya mwili: kuua na kujeruhi. Kiswahili cha kisasa kimelipanua hadi likabeba kila kosa linaloadhibiwa na dola, kuanzia mauaji hadi kuuza bidhaa bila leseni. Upanuzi huo umekuwa na gharama. Neno lenye kivuli cha damu sasa linamfunika hata mchuuzi, na jamii inaposikia kwamba fulani ana kesi ya jinai, haiulizi ni ipi.

Kosa liko upande wa pili. Ni neno la Kibantu, la kila siku, nalo ni pana mno. Mwanafunzi hufanya kosa la tahajia; mgeni hukosa adabu; mtu hukosa nauli; mshtakiwa hufanya kosa la jinai. Hakimu anapouliza kama mshtakiwa anakubali kosa, swali hilo halimwambii mshtakiwa kama anaulizwa juu ya tukio, juu ya ubaya wa tukio, au juu ya hatia ya kisheria. Katika utamaduni ambamo kusema "nimekosa" ni ufunguo wa upatanisho na dalili ya heshima mbele ya mkubwa, jibu la adabu linaweza kuandikwa kama kukiri. Kwa Mganda hatari huongezeka, kwa sababu kitenzi okukosa katika Kiluganda kina maana ya kudhuru au kuumiza. Maneno yanafanana kwa sauti, lakini moja linaweza kumaanisha tendo lisilo na madhara yoyote na jingine linataja madhara yenyewe.

Kiluganda kina omusango. Neno hili hutaja kosa na shauri kwa pamoja, liwe la ardhi au la wizi, na ndiyo maana wazungumzaji huongeza maelezo wanapotaka kutenga makosa mazito, yanayoitwa emisango gya nnaggomola. Sarufi ya hukumu nayo inavutia. Anayetiwa hatiani, omusango gumusinze, yaani shauri limemshinda. Anayeachiwa, omusango agusinze, yaani yeye amelishinda. Kiluganda huona mbele ya hakimu mapambano kati ya mtu na shauri. Kiswahili humwona mtu anayetiwa ndani ya hali, hatiani, na neno hatia limetoka katika msamiati wa dhambi. Mtazamo wa Kiluganda unakaribia zaidi kanuni ya msingi ya jinai kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, na kwamba anayeachiwa si lazima awe ametakaswa. Ametoka tu katika shauri ambalo halikuweza kumshinda.

Ulinganisho huu haulengi kuonyesha kwamba lugha moja ni bora kuliko nyingine. Unaonyesha kwamba hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayobeba maana ya jinai kwa neno moja. Atakayetafuta kisawe kimoja cha kila istilahi atakuwa ameanza kwa mguu usio wenyewe.

4. Utata uliofutwa mahakamani

Katika miongo miwili iliyopita, mahakama za Uganda zimefanya kazi ambayo mtaalamu wa lugha anaweza kuitambua kama uhakiki wa semantiki. Februari 2004, katika rufaa ya Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya uchochezi. Desemba 2022, katika shauri la Francis Tumwesige Ateenyi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilifuta vipengele viwili vya kifungu cha 168 kuhusu uzururaji. Januari 2023, katika shauri la Andrew Karamagi na Robert Shaka, ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi.

Shauri la Ateenyi linastahili kuangaliwa kwa makini. Vipengele vilivyofutwa vilimlenga mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya wazi ya kujipatia riziki na asiyeweza kujieleza vizuri, pamoja na mtu anayeonekana akitangatanga katika mazingira yanayomfanya mtazamaji adhani kwamba ana kusudi baya. Ukiyachunguza maneno hayo, huoni tendo. Unaona hali ya mtu na maoni ya anayemtazama. Hayana kitenzi chenye madhara ambacho raia angeweza kujiepusha nacho. Mababu wa vipengele hivyo ni sheria za Kiingereza dhidi ya maskini wasio na makazi, maarufu zaidi ikiwa ile ya 1824. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilikuwa imekwisha kutoa maoni ya ushauri Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika.

Sasa kitazame Kiswahili. Tafsiri iliyozoeleka ni uzururaji. Kitenzi zurura hakielezi mwendo peke yake, kinatoa hukumu. Mtu mmoja anatembea, mwingine anazurura, na tofauti haiko miguuni mwao, iko kwa msemaji. Mitaani Kampala neno muyaaye hufanya kazi iyo hiyo kwa kijana asiyejulikana shughuli zake. Mahakama imeyafuta maneno ya Kiingereza, lakini fikra yake inaendelea kuishi katika lugha za askari na za raia. Askari anayemwambia kijana kwamba anazurura hahitaji kifungu ili aeleweke.

Kifungu cha 25 kinafundisha somo la pili. Kiliadhibu matumizi ya mawasiliano ya kielektroniki kuvuruga amani, utulivu au faragha ya mtu bila kusudi halali la kuwasiliana. Mtafsiri anayekileta katika Kiswahili analazimika kuchagua: kuudhi, kukera, kusumbua, kubughudhi au kuvuruga? Kila kimoja kina kizingiti chake. Kumkera mtu ni jambo dogo ambalo mshairi, mhubiri na mwanasiasa hufanya kila siku. Kumbughudhi ni kumwandama. Kwa kuwa kifungu chenyewe hakikuweka kizingiti, mtafsiri angekuwa ndiye anayekiweka, na hivyo ndiye anayeamua nani ni mhalifu. Mtafsiri anapogeuka mtunga sheria, ujue sheria haikumaliza kazi yake.

5. Utata unaorudi kwa mlango wa tafsiri

Upande wa pili wa tatizo ni istilahi ambazo katika sheria zina mipaka iliyo wazi lakini hupoteza mipaka hiyo katika Kiswahili. Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni kuua. Waandishi wa habari na makarani hutofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Mgawanyo huo unaonekana safi, lakini haulingani na sheria. Kwa mujibu wa kifungu cha 191, kosa kubwa la kuua linakamilika hata kama mshtakiwa hakutaka mtu afe, iwapo alijua kwamba kitendo chake kingeelekea kuleta kifo. Kwa upande wa pili, kifungu cha 192 kinasema kwamba aliyeua kwa hasira ya ghafla iliyochochewa, kabla damu haijapoa, atahesabiwa kuwa ametenda kosa dogo la kuua, ingawa wakati wa tendo alikusudia. Kwa hiyo yuko mtu aliyeua kwa kukusudia ambaye kosa lake linaitwa kuua bila kukusudia, na mwingine asiyekusudia kifo ambaye kosa lake linaitwa kuua kwa kukusudia. Mshtakiwa anayeelezwa shtaka kwa maneno haya anaweza kukiri asilolifanya au kukana alilolifanya, kwa uaminifu kamili. Maneno kuua kwa dhamira ovu, yakiandamana na maelezo ya dhamira hiyo ni nini, yangekuwa marefu zaidi lakini ya kweli zaidi.

Wa pili ni kosa la kujamiiana na mtoto. Kifungu cha 129, kilivyorekebishwa mwaka 2007, kinamlinda kila mtu aliye chini ya miaka 18, awe msichana au mvulana. Kiswahili cha vyombo vya habari, hasa Kenya, hutumia kunajisi. Neno hilo humweka mtoto katika hali ya unajisi, kana kwamba uchafu umebaki kwake, na hapo halitofautiani na neno la Kiingereza lililoko katika sheria, ambalo nalo lina maana ya kuchafua. Kiluganda hutumia tasfida mbili: okusobya ku mwana, kutokana na kitenzi cha kukosea, na okujjula ebitannajja, yaani kupakua kisichoiva. Tasfida ya mwisho ina hatari yake, kwani inaashiria kwamba ubaya ni wa haraka tu, kama mpishi asiye na subira. Katika lugha zote tatu, jina la kosa halitaji jambo ambalo sheria inalilinda: usalama wa mtoto asiye na uwezo wa kutoa ridhaa.

Wa tatu ni kiwango cha uthibitisho. Hukumu na habari nyingi za Kiswahili husema kwamba upande wa mashtaka umethibitisha kesi bila kuacha shaka yoyote. Hicho si kiwango cha sheria. Tangu jaji Denning alipolifafanua jambo hili mwaka 1947, mahakama zinazofuata mapokeo ya Kiingereza zimekubali kwamba uthibitisho hauhitaji kufuta hata kivuli cha shaka. Unahitaji kuondoa shaka yenye msingi katika akili ya mtu mwenye busara. Tofauti hii si ya wanasheria peke yao. Katika Mahakama Kuu ya Uganda, kesi za jinai husikilizwa jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, watu wa kawaida wanaotoa maoni yao baada ya kuelezwa sheria. Mzee anayeambiwa asiwe na shaka yoyote ataona kila kesi imeshindwa, au, akiona hilo haliwezekani, ataacha kuyapima maneno hayo kabisa.

6. Hoja mbili za upinzani

Hoja ya kwanza husema kwamba maandishi yenye nguvu ya kisheria ni ya Kiingereza, na tafsiri ya mahakamani ni msaada wa heshima tu. Katiba haikubaliani na hoja hii. Ibara ya 28(3)(b) inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa mara moja, katika lugha anayoielewa, asili ya kosa analoshtakiwa nalo, na aya (f) inampa mkalimani bila malipo. Kabla ya hapo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la 1973, ilikwisha kuagiza kwamba shtaka na viambajengo vyote muhimu vya kosa vielezwe katika lugha ya mshtakiwa au anayoielewa, na maneno yake mwenyewe yaandikwe kabla ya kukiri kwake kupokewa. Agizo hilo linahusu viambajengo, halihusu jina la kosa peke yake. Anayejibu "ni kweli" baada ya kusomewa jina tu hajakiri chochote ambacho sheria inakitambua.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema kwamba kukipa Kiswahili nafasi katika mahakama za Kampala ni kubadilisha lugha moja ya mbali kwa nyingine, ilhali lugha ya mitaa ya jiji ni Kiluganda. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022, wa kukifanya Kiswahili somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, utachukua kizazi kuzaa matunda. Hoja hii ni sahihi kuhusu wakati, lakini si sahihi kuhusu uchaguzi. Haki ya mshtakiwa ni kuelewa, na Ibara ya 6(3) inaruhusu lugha nyingine zitumike katika shughuli za kimahakama kama sheria itakavyoelekeza. Kiswahili kina mchango wa pekee kwa kuwa kimekwisha kufanya kazi hii kwingine: Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Uganda inaweza kuazima uzoefu huo, pamoja na makosa yake yaliyoonyeshwa hapo juu, bila kukinyamazisha Kiluganda.

7. Mapendekezo

Kwanza, Tume ya Marekebisho ya Sheria ya Uganda, kwa kushirikiana na idara za lugha za vyuo vikuu, iandae orodha ya mashtaka katika Kiingereza, Kiswahili na Kiluganda. Orodha hiyo isiwe ya visawe. Kila kosa lielezwe kwa viambajengo vyake katika sentensi fupi ambazo karani anaweza kuzisoma na mshtakiwa akazijibu kimoja kimoja. Kazi ianze na makosa yanayojaza mahakama za mahakimu kila siku, kisha ipande.

Pili, Bunge litunge sheria inayotajwa na Ibara ya 6(2), na matumizi ya kwanza ya Kiswahili yawe kumweleza mtu haki zake na shtaka lake. Hatua hiyo ingekipa Kiswahili wasifu mpya Kampala.

Tatu, kila muswada unaoanzisha kosa jipya upitishwe katika jaribio la tafsiri kabla ya kusomwa mara ya pili. Watafsiri wawili wasiowasiliana wautafsiri katika lugha moja. Maneno yakitofautiana, si tatizo. Mipaka ikitofautiana, yaani tendo lililo halali katika tafsiri moja likawa jinai katika nyingine, muswada urudishwe. Kosa la wizi lingepita jaribio hili bila shida, kwa sababu kuchukua mali ya mwingine kwa hila na bila dai la haki kunaelezeka katika lugha yoyote. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliyotiwa saini Oktoba 2022, yaliyoingiza kosa la taarifa zenye nia ovu, yangekuwa na kazi ngumu zaidi.

8. Hitimisho

Sheria ya jinai ni mamlaka makubwa kuliko yote ambayo dola inayatumia dhidi ya raia wake wakati wa amani, na ukomo wa mamlaka hayo umeandikwa kwa maneno. Mahakama za Uganda zimeonyesha ujasiri wa kuyafuta maneno yasiyo na ukomo katika Kiingereza. Kazi iliyobaki iko chini zaidi, katika chumba cha hakimu, pale karani anapomgeukia mshtakiwa na kutafuta neno. Hadi neno hilo litakapokuwa limeandaliwa, kupimwa na kukubaliwa, ahadi ya Ibara ya 28(12) itakuwa imetimizwa kwa wale tu wanaosoma Kiingereza.